Daktari wa Wanaanga Afundishwe Kuamua Peke Yake

Mwaka 2020 madaktari walichapisha kisa ambacho hakijanitoka kichwani. Mwanaanga mmoja, akiwa na miezi miwili tu katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, alikutwa na bonge la damu iliyoganda kwenye mshipa wa shingo. Hakuwa akiumwa, lilionekana kwa bahati, katika kipimo cha ultrasaundi kilichofanywa kwa ajili ya utafiti. Sindano za kuzuia damu kuganda zilikuwepo, lakini chache, ikabidi dozi ipangwe kwa kubana mpaka chombo cha mizigo kilipopeleka vidonge. Mabingwa waliomwelekeza walikuwa huku Duniani. Akarudi salama.

Nafurahi alipona. Ila tiba ile yote iliegemea mambo mawili, simu na mizigo, na safari ya Mirihi haitakuwa na hata moja. Huko ujumbe mmoja unaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kufika, na jibu lake muda uleule. Mgonjwa anayetoka damu hasubiri hivyo.

Ndiyo maana naamini daktari awe ndani ya chombo, na mafunzo yake yabadilike. Fiziolojia ya anga, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi huko, ni lazima aijue: mifupa inayobeba mwili hupoteza takriban asilimia 1 ya madini yake kila mwezi, maji ya mwili hupanda kichwani, macho ya baadhi ya wanaanga huharibika. Hata kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama hujifunzwa upya, maana pasipo uzito ukimsukuma unarushwa nyuma. Wengine huegemeza miguu darini na mikono kifuani mwa mgonjwa. Hayo yanafundishika darasani.

Gumu ni kuamua bila wa kumuuliza. Mwaka 1961, Leonid Rogozov, daktari pekee katika kituo cha Kisovieti huko Antaktika, alijipasua mwenyewe kutoa kidole tumbo chake, wenzake wakimshikia kioo. Alikuwa na miaka 27. Simtakii mtu yeyote masaibu yale, lakini hali ile ndiyo inayomsubiri daktari wa Mirihi.

Basi mwanafunzi apelekwe kituo kama kile kwa majira yote ya baridi, awatibu watu halisi. Bingwa wake awepo redioni, kila jibu licheleweshwe dakika 40, isipokuwa maisha ya mgonjwa yakiwa hatarini. Na asipewe cheti kabla ya hapo.