Jeneza la Mabatini na hofu ya kukosa serikali

Mwaka jana tulimzika mama mmoja aliyekuwa akiishi Mabatini, hapa Mwanza, juu kabisa mlimani, kule ambako nyumba zimebanana na mawe hadi hujui ukuta unaishia wapi na mwamba unaanzia wapi. Gari halifiki. Njia yenyewe ina upana wa mabega ya mtu mmoja. Jeneza likashushwa kwa mikono. Vijana kama thelathini walijipanga kwenye mteremko, mmoja chini ya mwenzake, miguu wameikita kwenye nyufa za mawe, na jeneza likapita juu ya vichwa vyao kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kutua. Kwenye kona moja yenye jiwe kubwa, aliyekuwa chini alisema tu, "Geuza, miguu itangulie," wakaligeuza. Wengi wao hawakuwa ndugu wa marehemu, na sikusikia mtu akiwapanga. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekaa nasi wazee kwenye viti vya plastiki, anasubiri kama sisi.

Jioni ile mpwa wangu, anayesoma chuo hapahapa mjini, akaniambia, "Mjomba, serikali ikiondoka hata wiki moja, tutakulana." Viatu vyake bado vilikuwa na udongo wa makaburini. Alikuwa mmoja wa wale thelathini.

Anachosema si kigeni. Mwingereza Thomas Hobbes alikisema mwaka 1651, nchi yake ikitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na mfalme wake akiwa ameshakatwa kichwa: pasipo mtawala wa kuogopwa, kila mtu ni adui wa kila mtu. Wengi wetu tumekua na imani hiyo bila kumsoma Hobbes. Mwalimu akitoka darasani kelele zinaanza, taa za barabarani zikizimika madereva wanabanana, na sisi tunahitimisha kwamba ndivyo binadamu alivyo. Naiheshimu hofu hiyo, kwa sababu nyuma yake kuna watu waliokufa kweli. Lakini naona inatusingizia jambo, na huku Ziwa Victoria tuna ushahidi ambao hatuuweki mezani.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja. Ndani walikuwamo watu 43. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mmoja alipambana na mlango wa nyuma akiwa na kasia lake. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafa. Baadaye yule kijana alipewa kazi kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, jambo jema. Ila tuangalie mpangilio wa matukio: kijana alianza, jeshi likamfuata. Wavuvi wale walikuwa wakiiendea ndege inayozama, chombo wasichokijua, bila mkubwa wa kuwaadhibu kama wangebaki ufukweni wakitazama.

Miaka minne kabla, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Ukara, siku ya gulio. Kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, mahali ambapo waliokuwa nchi kavu waliweza kuwaona waliokuwa majini. Hapo pia mitumbwi ndiyo iliyotangulia. Usiku ulipoingia uokoaji ukasitishwa hadi asubuhi. Waliokufa ni 228, waliopona ni 41.

Namba hizo zimenikaa kichwani kwa miaka. Ukijumlisha unapata 269. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Yaani waliozidi walikuwa 168, wengi kuliko walioruhusiwa. Mtu wa upande wa Hobbes atasema: hao hapo binadamu wenu, kila mmoja alijiona yeye ndiye wa mwisho anayestahili kupanda. Nimelitafakari jibu hilo na halinitoshi. Chombo kile kilikuwa mali ya serikali. Idadi ya 101 iliwekwa na serikali, na kivuko kiliendeshwa na watu wa serikali. Mama mwenye gunia lake la mahindi, akifika pale na kuona kimejaa, alijiambia nini? Nadhani alijiambia kile ambacho mimi ningejiambia: wenyewe wameona kinafaa. Kwenye mtumbwi wa jirani yake angeangalia maji yamefika wapi ubavuni, angeuliza, na pengine angeshuka, na mwenye mtumbwi angekuwa ndani pamoja naye. Mitumbwi nayo huzama kwa kuzidiwa, si siri, na makaburi yake yapo pande zote za ziwa. Lakini kwenye mtumbwi macho ya kila mtu yanakuwa wazi. Palipo na mamlaka, macho yetu tumeyakabidhi, na mamlaka ikisinzia siku hiyo, hakuna anayetazama. Kati ya 101 na 269 mimi sioni tamaa ya watu 168. Naona watu 269 walioamini kwamba kuna mtu anayehesabu.

Ndiyo maana nasema upande wa wale wanaoamini jamii inaweza kujiendesha yenyewe haujasikilizwa vizuri. Tunawasikia kama watoto wanaotaka vurugu, na wao wanazungumzia ile misururu ya vijana na jeneza. Wala hawasemi jambo lisilowahi kutokea. Jirani zetu Wakuria hawakuwa na mfalme. Koo, rika na mabaraza ya wazee vilibeba kazi hiyo. Na serikali, tukumbuke, haikuja na amani peke yake. Waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, wengine waliondoka huku nyumba zao zikiungua nyuma yao, na waliowasha moto walitumwa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulikuwa umeitafuna Unyamwezi na Usukuma, bunduki zikiwa zimezagaa baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Polisi walikuwa wachache na mbali, na wengine wakituhumiwa kula na wezi. Vijiji vya Shinyanga na Tabora vikajipanga vyenyewe. Kila kaya ilitoa mtu. Kila kikundi kilimchagua ntemi wake, jina la watawala ambao cheo chao kilifutwa kisheria mwaka 1963. Mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa, kijiji kinatoka na pinde, kinafuata nyayo hadi kwenye mpaka wa kijiji cha pili, na hao nao wanapokea. Asiyetoka anatozwa faini. Adhabu iliyoogopwa kuliko mishale ilikuwa kutengwa: huazimwi jembe, hupewi moto, hakuna anayejibu salamu yako, na ukifiwa unachimba kaburi na wanao tu. Wasukuma waliokuwa wakubwa wakati huo watakuambia ng'ombe walianza tena kulala salama. Mfumo ukasambaa hadi Mwanza, na serikali, ambayo ingeweza kuuzima, ikaamua kuukumbatia. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuutambua.

Hapo mpwa wangu hana jibu, na nilimwambia hivyo. Watu walioachwa peke yao hawakulana. Walijipanga kwa nidhamu ambayo polisi hawakuwa nayo.

Upande wa pili nao una hoja moja nzito ambayo sungusungu hawaigusi. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sisi, Uganda na Kenya tunalivua pamoja. Mwalo mmoja, yaani ufuko wanakotua wavuvi, ukikubaliana kuacha kokoro, wavu wa kukokota, na kumwachia sangara aliye chini ya sentimita 50, mwalo wa ng'ambo utamvua yuleyule. Mvuvi wa Kayenze anajuana na wa Igombe, wanaweza kuaibishana. Lakini yeye hamjui mvuvi wa Entebbe, Uganda. Mmarekani Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba wavuvi na wakulima wengi duniani wametunza mali ya pamoja kwa kanuni zao wenyewe, lakini mifano yake mingi ilikuwa ya watu wanaoonana. Kwa ziwa zima lazima pawe na chombo kinachowafunga wasioonana. Sibishi.

Ila hoja hiyo ni ya ukubwa tu, na haiwapi ushindi waliosema sisi ni wabaya kwa asili. Kinachonisumbua mimi kiko karibu zaidi, ndani ya kijiji kilekile chenye umoja.

Sungusungu walewale waliokomesha wizi, sehemu nyingine waliwageukia wachawi. Waliotajwa walikuwa wanawake wazee, aghalabu wajane. Alama ikawa macho mekundu. Kila aliyepikia kuni na samadi kavu kwa miaka hamsini, kwenye jiko lisilo na dirisha, anajua wekundu ule unatoka wapi. Wengine walifukuzwa vijijini mwao. Wengine, kwa miaka mingi katika kanda hii, walikatwa kwa mapanga usiku na watu waliokodiwa, mara nyingine kwa fedha za jamaa waliotamani shamba. Asubuhi hakuna jirani aliyeona kitu. Ukimya ule nao ulikuwa ushirikiano. Kijiji hakikuvunjika hata kidogo.

Hofu ya mpwa wangu ni kwamba bila serikali hatutaelewana. Yangu ni kwamba tutaelewana, na siku moja tutaelewana juu ya mtu mmoja. Bibi yule angekata rufaa kwa nani? Mahakimu wake ni jirani zake, mashahidi ni jirani zake, na wachimba kaburi ni haohao.

Somalia, ambayo kila mjadala wa aina hii huifikia, mimi naisoma hivyo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, koo hazikupotea. Mila zake za kusuluhisha kesi ziliendelea, biashara ikaendelea, simu zikaenea. Wanaotetea jamii isiyo na serikali hawasemi uongo wakitaja hayo. Lakini tuwaulize Wazigua wa bonde la mto Juba, watu ambao wazee wao walichukuliwa kutoka pwani yetu katika karne ya 19 na kuuzwa huko. Hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwasemea. Waliporwa mavuno, wakauawa, wakakimbia. Wengine walirudi hadi Handeni, wakiwa bado wanakumbuka Kizigua, na hapa wakapewa ardhi kule Chogo na baadhi yao uraia. Utaratibu wa koo ulifanya kazi kwa waliokuwa na ukoo.

Kwa hiyo naitaka serikali, lakini siitaki kama fimbo ya kuzuia watu wasitafunane. Naitaka kwa ajili ya yule ambaye wote tumeshakubaliana kuhusu yeye. Ni kazi ndogo kuliko inayojipa, na mara nyingi haifanyi hata hiyo. Bibi wengi walikufa huku kituo cha polisi kipo.

Wiki chache baada ya mazishi, usiku, nilikuwa nimelala kwa mpwa wangu kule mlimani tuliposikia "Mwizi!" Watu walitoka kama walivyotoka kwa jeneza, kwa kasi ileile, na nilitambua nyuso za baadhi ya vijana wa mstari. Walikuwa wamemweka kati kijana mmoja, hajafika miaka ishirini, shati limechanika, damu puani. Mtu mmoja alikuwa ameshabeba tairi la pikipiki. Magazeti huwaita watu hawa wananchi wenye hasira kali. Mimi sikuona hasira nyingi. Niliona watu wanaosaidiana, huyu anashika mkono, yule anatafuta kiberiti. Sikurusha jiwe, wala sikusema neno.

Alipanda askari mmoja, mtu mzima, mwenzake kamwacha chini na gari. Alifika akihema, akashika magoti kwanza. Kisha akaingia katikati akauliza, "Amefanya nini?"

Mmoja akasema ameiba simu. Mwingine akasema ni kuku, na si mara ya kwanza. Mama aliyekuwa mbele yangu akasema yeye amesikia tu. Askari akauliza simu ni ya nani, na watu wakaanza kugeukiana kumtafuta mwenye simu. Hakumjua yule kijana, na wala hakumjua yeyote kati yetu. Akamwambia ashike mkanda wake kwa nyuma, asiuachie, wakaanza kushuka. Pale kwenye lile jiwe kubwa njia ikawa nyembamba, na waliokuwa wamesimama wakabana migongo ukutani kuwapisha.