Ubao wa duka nao ni sanaa
Nimesoma habari ya kijana wetu wa hapa Lamu, mchana anabuni nembo na mabango ya hoteli kwenye kompyuta, usiku anachora picha zake kwenye matanga yaliyochakaa. Mwandishi anasema kazi za biashara zinamchelewesha kwenye sanaa yake. Hapo sikubali hata kidogo. Tazameni kanga: pindo, mji, na jina. Ni bidhaa ya sokoni, lakini mama yangu hakununua doti bila kuikunjua kwanza aone kama pindo limekaa sawa. Na mafundi wetu wa milango ya nakshi, kwani walichonga bure? Hata mchoraji Toulouse-Lautrec wa Ufaransa alichora bango la ukumbi wa Moulin Rouge mwaka 1891 ili watu waje kwenye burudani, na leo limo kwenye makumbusho.

Kijana huyu ndiye aliyeniandikia ubao wa duka langu la vitambaa, mtaa wa Mkomani. Herufi moja aliifuta mara tatu, eti mkia wake unaligusa ua la pembeni. Nikamwambia, "Mwanangu, acha, mteja hataona." Akasema, "Mimi naona."

Wenye hoteli, tafadhalini, mlipeni kwa wakati.