Hana Shida Huyo, We Pita Tu

Leo asubuhi Baba Glory kanisimamisha njiani, na ile sauti yake ya mtu aliyeonewa, eti "Baba Zai, mbona siku hizi unapita kule bondeni, kuna kitu tumekukosea?" Jamani. Mtu geti lake komeo limeng'oka tangu masika, mbwa wake anashinda barabarani anakagua kila anayepita, afu yeye ndo anakuja kuniuliza mimi kama nimenuna. Nikamjibu nafanya mazoezi, dokta kaniambia nitembee. Ningesemaje? Nina binti yuko fomu two, kwenye vikao naitwa mzee, siwezi kusimama mbele ya kibanda cha chipsi nikatangaza kwamba namkimbia mbwa.

Na kule bondeni kwenyewe sio njia. Wanaokaa Kivule wanaelewa, mvua ikinyesha unavuka na viatu mkononi, jua likiwaka unafika kituoni Banana shati jeupe limeshakuwa kaki. Ila kaki inafulika.

Mbwa anaitwa Bosi. Sijui nani alimshauri. Mjini hapa kila mtu ni bosi, konda akitaka nauli wewe ni bosi, muuza soksi akitaka kukuibia wewe ni bosi, sasa ndo kwanza tumehamia nasikia mtu ndani ya geti anasema "Bosi, acha ujinga, rudi ulale!" nikasimama kabisa nimjibu, maana heshima mtaa mpya unaiweka mapema. Nageuka, namkuta bosi mwenyewe anakuja, hana haraka, masikio kayalaza nyuma, na kwa macho yale hakuwa anakuja kusalimia.

Kibao kipo. Tena kizuri, kimechorwa na fundi, "TAHADHARI MBWA MKALI", kimefungwa ukutani kwa misumari minne. Tatizo kilichofungwa ni kibao.

Mi mwenyewe sina ugomvi na mbwa, mbwa ni mbwa, kazi yake ndo hiyo. Kinachonimaliza ni ile kauli ya wenye mbwa wote duniani, "hana shida huyo, we pita tu." Hana shida! Anakwambia hivyo kakaa kibarazani na kikombe cha chai, we umegandia kwenye ukuta wa jirani unasoma kila aya unayoikumbuka. Afu yanafuata maelekezo: usikimbie, usimtazame machoni, usinyanyue mkono, usibebe mfuko mweusi, hapendi kofia, hapendi mwavuli, akikusogelea simama akunuse ataondoka mwenyewe. Mtaa mzima tumeshapigwa semina ya namna ya kuishi na Bosi. Bosi hajaitwa hata siku moja kuelezwa namna ya kuishi na sisi. Na ukiuliza kwa nini mimi tu, unaambiwa "huyo anamjua mtu mwenye wasiwasi." Sasa kodi inaisha, ada haijalipwa, hawa wa mikopo ya kwenye simu wanampigia mpaka mama mkwe wangu, nani mtaa huu hana wasiwasi? Si atatung'ata wote.

Mama wa vitumbua siku hizi anazungukia kwa nyuma, tunanunua kupitia dirisha la choo. Kijana wa boda kachaniwa jinzi, kaenda kituoni, kaulizwa jeraha liko wapi, akaonyesha jinzi, wakamwambia PF3 ni ya mwili, hakuna PF3 ya suruali. Mwalimu wa madrasa kahamisha watoto kabisa.

Ila hao wote wana afadhali. Mimi yalinikuta siku ya posa.

Mpwa wangu anataka kuoa, na kwa busara zangu familia ikaniteua mshenga. Nikatoka nyumbani Jumamosi asubuhi kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, koti juu, kofia ya vito, barua ya posa nimeifunga kwenye leso ya pinki na hela ya kufungulia barua iko ndani, nanukia udi. Noah ya kukodi ilikuwa inasubiri kule kona kwa sababu dereva alisema ile njia yetu anaiheshimu. Basi natembea taratibu, maana mshenga hakimbii, mshenga anatembea utafikiri mahari keshalipa yeye. Nafika usawa wa geti la Baba Glory, naona mkia.

Nikakumbuka semina. Nikasimama. Sikumtazama machoni, nikatazama juu, nikaanza kusifia mawingu. Bosi akanusa pindo la kanzu, akanusa viatu, akafika kwenye leso, akapiga chafya, nadhani ni udi, na chafya ile ikamkera, na akaamua aliyemkera ni mimi.

Kwanza niseme kanzu haikushonwa kwa ajili ya mbio. Hatua mbili tu ikanibana magoti, ikabidi niikunje mpaka kiunoni, na ndani namshukuru Mola nilikuwa na bukta, ingawa ni bukta ya michezo ya mwanangu, ya njano, ina namba 9 pembeni. Kuna mtu pale kiwanjani anajenga tangu tunahamia, hajengi, kaweka tofali tu. Siku zote namlaumu yule mtu kwa kuziba njia, siku hiyo nilimwombea maisha marefu. Sijui nilipandaje. Nakumbuka goti limegonga, kiatu kimoja kimebaki chini, na mara niko juu kabisa nimesimama kama lile sanamu la Askari pale Samora, tofauti yeye kanyoosha bunduki na mimi nimenyoosha barua ya posa.

Bosi akakaa chini. Hakubweka tena. Alikaa tu, anasubiri, ana siku nzima.

Wakapita watoto wa tuisheni, "shikamoo baba Zai," nikaitika marahaba, nikawauliza na masomo vipi. Akapita mama mmoja wa kanisani, akaniangalia, akaiangalia namba 9, akaendelea na safari yake. Simu inaita, ni shangazi yuko ndani ya Noah, "mshenga uko wapi, wenzetu wamesema saa nne." Nikamwambia nimefika, niko juu kidogo. Juu wapi? Nikakata.

Ndo akatoka Baba Glory, mswaki mdomoni. Kaniona. Unajua alisema nini? Unajua.

"Hana shida huyo, we shuka tu!"

Nikamwambia mzee, mfunge. Akasema sasa Baba Zai ukipanda juu ndo unamtia hasira, anadhani wewe ni mwizi wa tofali. Nikaokota kipande cha tofali, sio nimpige, nimtishe tu, ohoo, Baba Glory akatoa mswaki mdomoni. Yule ni mstaafu wa serikali, anazijua sheria, akaniambia tena kwa utulivu kwamba kumpiga mnyama ni kosa, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Yaani mbwa ana sheria yake, ina mwaka wake, mimi niko juu ya tofali na bukta ya mtoto sina hata kifungu kimoja. Kisha akapaza sauti, "Bosi! Kaa chini!" na mimi kwa mazoea ya kuitwa bosi nikakaa. Mbwa hakukaa, alikuwa keshakaa. Ila kwenye kule kukaa leso ikaniponyoka.

Bosi akainyaka kabla haijagusa mchanga, akatoka nayo mbio mpaka ndani, akaenda kumkabidhi Mama Glory aliyekuwa anapepeta mchele. Posa ikawa imefika. Mama Glory akafungua fundo, akaona hela, akaziweka pembeni vizuri kabisa, akafungua barua, akaanza kuisoma kwa sauti, na ile barua aliandika babu yetu wa Tanga kwa lugha ya wazee, hakutaja jina la mtu. "Tumepita kwenu tukaona ua zuri limechanua katika bustani yenu, nasi tumevutiwa, tunaomba ruhusa tuje tulichume." Kimya. Baba Glory akayaangalia maboganvilia yake ya getini. Akaniangalia mimi kule juu. Akasema kwa upole, "Baba Zai, si ungesema tu nikukatie mche."

Nikashuka. Sina cha kupoteza tena. Na Bosi, kumbe baada ya kukabidhi barua hasira zilimwisha, akaja akanilamba goti. Goti lenyewe limechubuka na tofali, linatoka damu.

Huko ukweni tulifika saa sita. Barua ilinakiliwa upya ndani ya gari kwenye karatasi ya daftari, leso ikanunuliwa nyingine, wakatutoza faini ya kuchelewa, na nilipoeleza sababu wakaongeza ya pili, wanasema hawajawahi kuona mshenga aliyezuiwa na mbwa wa mtaani kwake. Yalipita.

Goti ndo halikupita. Jioni nikaenda duka la dawa kutafuta spiriti, yule dada akaniuliza kilichotokea, nikamweleza, akabadilika sura. Akasema mate ya mbwa yakiingia kwenye mchubuko hayana tofauti sana na kung'atwa, kichaa cha mbwa kikishaanza dalili karibu kila anayepata anakufa, mtu anafika mahali anaogopa maji. Nikamwambia hapa kwetu maji ndo yanatuogopa sisi. Hakucheka. Akasema nenda kaoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali. Yanayotiririka! Dakika 15! Dada huyu anakaa wapi? Maji yetu yanakuja saa nane usiku siku yakijisikia, yanakohoa kwanza, unakinga ndoo mbili yanakata. Kurudi nyumbani nampigia ustadhi, naye ananikumbusha mate ya mbwa ni najisi, kwa madhehebu yetu unaosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo ninao, Kivule nzima ni udongo. Hizo sita nyingine ndo nikanunua dumu kwa mkokoteni.

Hospitali nikachomwa ya kwanza, nikapangiwa nyingine siku ya 3, ya 7 na ya 14, na nesi akaniambia mbwa naye aangaliwe siku 10, akibaki mzima hiyo ya mwisho tunaweza kuiacha. Aangaliwe na nani? Na mimi, nani mwingine. Basi ndo nikawa mtu wa kuamka alfajiri, nasimama mbali, napiga kelele "Baba Glory! Bosi kaamkaje?" "Kaamka salama!" "Kala?" "Kala ugali na dagaa!" Alhamdulillahi. Siku moja nikaambiwa hajala vizuri, sikulala. Nilimpelekea mifupa. Mimi. Nimemnunulia utumbo, nyumbani kwangu tunakula maharage.

Na muda wote huo namuuliza jirani, mbwa kachanjwa? "Kachanjwa, kadi iko kwa shemeji Morogoro." Yule Mfaransa Pasteur chanjo ya binadamu aliitumia tangu 1885, dunia ina siku yake kabisa ya kichaa cha mbwa kila tarehe 28 Septemba, sisi tunasubiri shemeji apate nafasi ya kuja Dar. Kadi ikaja kumbe kweli kachanjwa, ina muhuri, jina Bosi, rangi kahawia, jinsia, tarehe ya kurudi. Mimi kadi yangu ya kliniki mama alisema ililiwa na mchwa.

Nikapeleka shauri kwa mjumbe. Mjumbe akanisikiliza vizuri, akasema atakuja mwenyewe kuongea nao, akaja mpaka kwenye nguzo ya umeme, akasimama hapo hapo akampigia Baba Glory simu. Wakaongea vizuri, wakacheka, akaniambia limeisha, msikilizane tu majirani. Mkononi alikuwa na jiwe.

Hata ulinzi shirikishi hawafiki kwetu, vijana wanapiga filimbi kule kona wanageuza. Anayekusanya hela ya taka hafiki. Na hapo nikasema kumbe hili nalo lina faida yake, maana kama wa taka hafiki na wa ulinzi hafiki, basi na mwenye nyumba hatafika. Kodi yangu iliisha mwisho wa mwezi. Nikajiachia. Juzi niko uani nakata kucha nasikia hodi, mwenye nyumba huyo, suti, mkoba mweusi, kofia kichwani, mwavuli mkononi, vyote ambavyo Bosi havipendi, na Bosi mwenyewe yuko pembeni yake anatikisa mkia, kamsindikiza mpaka mlangoni kwangu.

Akakaa, akanywa maji yangu ya dumu, akasema kuanzia mwezi wa kwanza kodi inapanda elfu thelathini. Nikamuuliza kwa lipi hasa, bati linavuja, choo tunachangia. Akasema huoni, siku hizi eneo lenu lina usalama.