Nilipanda Maua, Tausi Akapata Kiamshakinywa

Kazi ya bure ina gharama zake, na ya kwanza ni nauli. Mwenye tuktuk wa Kondele hana habari na moyo wako wa kujitolea. Nilipomwambia naenda kusaidia wanyama bila malipo, alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Basi mzee, lipa kabla hatujaondoka."

Mahali penyewe ni bustani ndogo ya wanyama huku Kisumu, ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya kwa simba, mbuni anageuka. Jina naliweka mfukoni. Wenyewe ni watu wazuri, shida yangu ni wapangaji wao.

Akilini mwangu kutunza bustani ni kushika mpira, kumwagilia maua na kupigwa picha moja ya kuweka status. Msimamizi, mama asiye na mchezo, alinikabidhi jembe, wilbaro na gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto. "Peleka samadi ya punda milia kwenye maua," akasema, akaenda zake.

Sasa hiyo samadi. Ng'ombe akila majani anacheua, anayatafuna upya mpaka mbegu nyingi zinaishia humo humo. Punda milia hacheui. Anameza, na mbegu zinatoka upande wa pili zikiwa na afya zao, zikingoja mvua tu. Ndiyo maana samadi yake hulundikwa kwanza ipate joto na kuiva, la sivyo umepanda magugu. Malundo yalikuwa mawili, bichi na lililoiva, na hakuna aliyeona haja ya kunionyesha lipi ni lipi. Somo hili lote nilipewa baada ya kumaliza kutandaza. Nikaanza kuizoa tena, kwa mkono, huku mguu wa kulia ukilia ndani ya gambuti isiyo yake.

Nikahamia kwenye miche. Unachimba kishimo, unashindilia udongo kwa vidole, unasogea mbele. Nyuma yangu kulikuwa na tausi. Alikuwa anatembea kwa adabu, anainua mguu, anainamisha kichwa, anakata mche shingoni, anaruka hadi wa pili. Nikigeuka anasimama wima na kuangalia ziwani kama mtalii aliyelipa kiingilio. Nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa nimepanda vijiti.

Saa saba nikaenda kula. Watafiti waliowasikiliza tumbili wa Amboseli walichapisha mwaka 1980 kwamba tumbili wana mlio wa kuonya kuhusu chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Mimi naongeza wa nne: mlio wa mtu mwenye chapati. Begi nilikuwa nimelitundika kwenye tawi. Tumbili hakulirarua, alifungua zipu. Akatoa chapati, akanusa mkebe wa madondo, akaufunika, akauacha. Hata yeye ana viwango vyake.

Nikala madondo makavu nikimtazama simba. Simba anaweza kulala saa 20 kwa siku, na watu wanalipa kumwona akilala. Mimi nikiegemea jembe kidogo naulizwa kama naumwa. Tena akaja jamaa na familia yake, ananipigia mluzi: "Shambaboi, hebu mwamshe huyo simba tupige picha." Mimi, mtu mwenye mvi mpaka kwenye nyusi! Nikamwambia funguo ziko kwa ofisi, aende akajiandikishe amwamshe mwenyewe.

Baada ya hapo nikapewa slasha nikate nyasi za upande wa ziwa. Kiboko mmoja hula kama kilo 40 za nyasi kwa usiku, na ziwani wamo, hawadai chai wala gambuti. Nikamuuliza msimamizi kwa nini tusiwafungulie geti jioni. Hakucheka. Akanionyesha kona niliyoruka.

Kisha mpira ukapasuka, nikabeba maji kwa ndoo kumwagilia vile vijiti. Mtu yeyote wa Kisumu angeniambia: jua likichoma hivyo tangu asubuhi na upepo wa ziwa ukaingia mchana, alasiri mawingu yatajikusanya tu. Ndoo ya mwisho ilipokauka, mvua ikashuka, ile ya radi, inayokupiga usoni na mgongoni kwa wakati mmoja. Simba akaingia ndani. Tumbili wakaingia chini ya paa la ofisi, wakajaa, hakukubaki nafasi yangu.

Ile picha niliipata lakini, nimeshika jembe, nimetabasamu, nikaiweka status nikiwa kwenye tuktuk. Hata hatujafika Kondele, mama watoto akaandika: "Baba watoto, kumbe unajua kulima? Majani ya nyuma ya nyumba yamefika dirishani."

Nikamjibu kwamba mtandao unasumbua. Akatuma picha ya jembe.