Mgongo ukiuma, tuanze na picha au na mkono?

Kaa kwenye benchi la kliniki ya mifupa ya hospitali yoyote ya rufaa asubuhi ya siku ya kazi, usikilize wagonjwa wanavyotambulishana. "Mimi pingili zimesagika." "Mimi ni L4 na L5, diski imetoka inabana mshipa." "Mie wameniambia uteute umekwisha." (L4 na L5 ni pingili mbili za mwisho za kiuno; diski ni mto laini ulio kati ya pingili na pingili.) Kila mmoja ana bahasha ya picha mapajani, na ripoti ameihifadhi kichwani kuliko jina la dawa anayomeza. Ukiuliza ni nani aliyemlaza kitandani akampima nguvu za miguu kabla ya kumwandikia picha hiyo, wengi watabaki wakikutazama.

Ubishi uliopo ni huu: mtu anayeumwa mgongo wa chini apigwe picha mapema, au asubiri kwanza? Wanaosema asubiri wana miongozo mikubwa nyuma yao. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa familia cha Marekani kiliwataka wanachama wake wasiombe picha ya mgongo ndani ya wiki sita za mwanzo, isipokuwa kuna dalili za hatari. Uingereza nayo, katika mwongozo wake wa 2016, ikasema picha isiwe utaratibu wa kawaida nje ya kliniki za wabobezi. Sababu yao ni kwamba kwa wagonjwa takribani tisa kati ya kumi hakuna kiungo kimoja unachoweza kukinyooshea kidole ukasema hiki ndicho kinachouma, na wengi wanapata nafuu ndani ya wiki chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu haya. Huwezi kuwapitisha wote kwenye mashine.

Tena picha yenyewe huona mambo mengi mno. Mwaka 2015 yalichapishwa majumuisho ya tafiti za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Waliofika miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski iliyotuna ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wale wa miaka 20, na hawakuwa wanaumwa. Kwa hiyo fundi ujenzi wa miaka 45 akiambiwa diski yake imechakaa, ameambiwa jambo la kweli ambalo huenda halihusiani kabisa na kilichomleta hospitali.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2017 ambao ningependa kila anayebeba bahasha ile ausikie. Mama mmoja wa miaka 63, mwenye maumivu ya mgongo na mguu, alipelekwa vituo kumi tofauti vya MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ndani ya wiki tatu. Ni mgongo uleule. Ripoti kumi zikaja na matokeo 49 yaliyotofautiana, na hakuna hata tokeo moja lililotajwa na vituo vyote kumi. Wataalamu wake si wazembe. Kusoma picha ya mgongo ni kazi ya kukadiria, na msomaji asiyeambiwa mgonjwa anaumwa wapi hasa ataandika kila anachokiona.

Madhara hayaishii kwenye gharama. Aliyeambiwa pingili zake zimesagika huacha kuinama, huacha kubeba ndoo, huacha kulima, halafu misuli inalegea na maumivu yanapata makao. Hakuna anayemwambia kwamba kipande cha diski kilichotoka husinyaa chenyewe kwa takribani theluthi mbili ya wagonjwa, bila kisu. Jaribio la Marekani la 2003 liliwagawa wagonjwa 380, nusu wakapigwa MRI ya haraka, nusu eksirei ya kawaida. Baada ya mwaka maumivu yalikuwa yaleyale, ila waliopasuliwa upande wa MRI walikuwa kumi, upande wa pili wanne. Ni idadi ndogo, siwezi kuijengea ghorofa, lakini mwelekeo wake unaeleweka: daktari akishaona kitu, kumwacha mgonjwa aende zake kunahitaji ujasiri.

Hadi hapo ningekuwa nimeshahamia kambi ya wanaosubiri. Kinachonizuia ni swali la wapi takwimu zao zilipatikana.

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2009. Kati ya wagonjwa 1,172 wenye maumivu mapya ya mgongo waliofika kwenye huduma za msingi, 11 tu ndio waliokutwa na ugonjwa mzito, chini ya asilimia moja. Wanane kati yao walikuwa na mfupa uliovunjika. Kwa namba hizo kusubiri wiki sita ni jambo la busara. Lakini Sydney si Kahama wala Turkana. Tanzania na Kenya zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu kikitoka kwenye mapafu kikaenda mifupani, pingili za mgongo ndiyo makao yake ya kwanza. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779: mgongo unaoota kibiongo na miguu inayopooza. Huanza polepole. Maumivu yanaongezeka wiki hadi wiki, yanamwamsha mtu usiku, nguo zinaanza kupwaya, na jasho la usiku wakati mwingine lipo, wakati mwingine halipo. Mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Akichelewa anaingia kliniki akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Ongeza hapo VVU, ambavyo huongeza uwezekano huo. Ongeza homa ya brusela kwa wafugaji wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, maambukizi ya mifupa kwa wenye selimundu, na saratani ya tezi dume, ambayo kwa wazee wengi hujitangaza kwanza kwa maumivu ya kiuno baada ya kusambaa. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Leeds, Uingereza, hauwezi kuchukuliwa mzimamzima, na anayeunukuu neno kwa neno kwenye kituo cha afya cha wilayani anacheza na maisha ya watu.

Na hiyo "rudi baada ya wiki sita" nayo ina nauli. Anayetoka kijijini hatarudi. Ataenda duka la dawa, apewe diklofenaki na vidonge vya vitamini B, aendelee na kazi huku ugonjwa ukifanya yake. Au ataambiwa ni figo, au ni UTI, maana kwetu kiuno kikiuma mtu hupimwa mkojo kabla hajaulizwa maumivu yalianzaje, na antibiotiki anaondoka nazo.

Kwa hiyo picha mapema? Hapa ndipo hoja ya kambi ya pili inapochechemea. Picha iliyo karibu na mgonjwa wa kawaida ni eksirei, na eksirei huchelewa kuuona ugonjwa uleule tunaouogopa. Mfupa unahitaji kupoteza sehemu kubwa ya madini yake kabla haujaanza kuonekana umeliwa, kwa hiyo kifua kikuu cha mapema kinaweza kupita salama, na karatasi ikaandikwa "mgongo wa kawaida". Mtu anarudi nyumbani na utulivu wa uongo, ambao naona ni mbaya kuliko wasiwasi. MRI ingekiona, lakini ipo kwenye miji mikubwa, na bei yake kwa asiye na bima ni mbuzi kadhaa.

Ndiyo maana mimi naona ubishi wa picha umefichwa nyuma ya kitu kingine: mgonjwa haguswi. Uchunguzi wenyewe si mrefu. Tabibu anauliza maumivu yalianza lini, yanazidi au yanapungua, yanakuamsha, umepungua uzito, uliwahi kutibiwa saratani au kifua kikuu, nani nyumbani anakohoa, mkojo unatoka sawasawa. Kisha anamwambia atembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Anamgeuza na kumgonga kwa ngumi nyepesi, pingili moja moja, akisikiliza ni ipi inamrusha. Anamlaza chali, anainua mguu mmoja ukiwa umenyooka. Maumivu yakichoma kupita goti hadi kwenye unyayo kabla mguu haujafika juu, neva imeguswa. Anambonyeza kidole gumba cha mguu akimwambia akivute kwake, maana kidole hicho kikilegea kinasema jambo ambalo hata MRI huhitaji kuambiwa ilitafute. Nyundo kwenye goti na kifundo. Dakika kumi.

Si kwamba dakika hizo hazikosei. Kule Sydney, wagonjwa wanane kati ya kila kumi walikuwa na angalau dalili moja ya hatari, karibu wote bila ugonjwa wowote mzito. Ukimpeleka MRI kila mwenye dalili moja umerudi ulikotoka. Ila dalili zikijikusanya, kupungua uzito pamoja na maumivu ya usiku pamoja na pingili moja inayouma ikigongwa, hapo sioni sababu ya kusubiri hata wiki mbili, eksirei iwe safi isiwe safi. Kipimo cha ESR, yaani cha damu kinachoonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini, na cha VVU hupatikana hata pale ambapo MRI ni hadithi. Na ambaye mkojo umeziba, au amepata ganzi sehemu anazokalia, huyo ni wa gari la wagonjwa siku hiyohiyo.

Kwenye tiba nitapita haraka, kwa sababu ushahidi wake umekaa vizuri kuliko tunavyoutumia. Kulala kitandani siku nyingi kunachelewesha kupona. Parasetamoli peke yake, katika jaribio la Australia la 2014 lenye wagonjwa zaidi ya 1,600, haikuwaponya mapema kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa. Mikanda mipana ya kiuno wanayofunga bodaboda, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa Desemba 2023 halikuipendekeza kama tiba ya maumivu sugu. Mazoezi na maelezo mazuri ndiyo yaliyopendekezwa. Kutembea kwa mpango, kulingana na jaribio lingine la Australia la 2024, kuliahirisha kurudi kwa maumivu kutoka siku 112 hadi 208. Sindano ya diklofenaki matakoni, ambayo wagonjwa wetu huiona ndiyo tiba halisi, haina cha ziada kikubwa kuliko kidonge, na ikichomwa vibaya huweza kuigusa neva kubwa ya mguu, mtu aliyekuja na mgongo akaondoka anaburuta unyayo.

Upasuaji ninauheshimu kuliko wengi wa kambi ya kusubiri. Uholanzi, mwaka 2007, wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu kutokana na diski waligawanywa: kupasuliwa mapema au kuendelea na tiba nyingine. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, ingawa baada ya mwaka pande zote mbili asilimia 95 walikuwa wamepona. Kwa mama anayeuza samaki na hawezi kusimama, hiyo miezi michache ya tofauti ni ada ya shule ya mtoto. Achague mwenyewe, mradi aambiwe pande zote mbili.

Lililobaki ni la pesa. MRI ina bei yake kwenye orodha ya bima, na sindano vilevile. Ada ya kumwona daktari ni ileile, mgonjwa aguswe asiguswe, na foleni nje ya mlango ina watu sitini. Wizara inaweza kuandika mwongozo mzuri wa mgongo kesho asubuhi. Bila kuzilipia zile dakika kumi, tabibu ataendelea kujaza fomu ya picha, kwa sababu fomu inajazwa kwa sekunde thelathini.