Kiti cha Mbunge ni cha Nani?

Msimu wa bajeti ukifika, nina tabia ya kuwasha Bunge la Dodoma kwenye simu nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku. Huku ni saa mbili asubuhi, kule saa nne, na kikao kimeshapamba moto. Mheshimiwa anasimama. Anamshukuru Mwenyezi Mungu, anampongeza Mheshimiwa Rais, anampongeza Waziri, Naibu wake, Katibu Mkuu na watendaji wote wa wizara, kisha anatamka kwamba anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Makofi. Hapo ndipo anapoanza kulia. Barabara haipitiki masika, zahanati ni jengo tupu, mradi wa maji umezinduliwa mara mbili na bomba halijatoa tone. Sauti inapanda, anaapa kwamba safari hii asipopata majibu ya kuridhisha atashika shilingi ya Waziri. Kengele inalia. "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja, ahsante sana."

Kwa asiyejua, kushika shilingi ni kutoa hoja ya kupunguza mshahara wa Waziri kwa shilingi moja hadi ajieleze. Waziri akishaahidi kulifanyia kazi, mbunge husema "narudisha shilingi". Miaka yote ninayofuatilia, shilingi zinazorudishwa ni nyingi mno kuliko zinazobaki mkononi.

Zamani nilikuwa naona ni woga tu. Leo sisemi hivyo, na kilichonibadilisha ni kuishi huku.

Naishi kaskazini mwa Uingereza mwaka wa 13 sasa, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwa kuwa Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola na mimi nina kibali cha kuishi, sheria yao inaniruhusu kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge lao. Nyumbani, mtu akishatoka nje ya mipaka, hana pa kupigia. Kwa hiyo mimi mwenye pasipoti ya Tanzania namchagua mbunge wa Waingereza, ila wa kwetu namtazama kwenye simu. Liacheni hilo, lina siku yake.

Mwaka 2024 Bunge la huku lililetewa muswada wa kumruhusu mtu mzima mwenye ugonjwa usiotibika, aliyebakiza miezi michache, asaidiwe kukatisha maisha yake. Kazi yangu inanikutanisha na mauti kila wiki, nikaona nina la kusema. Nikamwandikia mbunge wangu barua pepe ndefu kumwomba aukatae. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Alikuwa ameisoma kweli, maana alinirudishia mfano wangu wa mzee mmoja niliyemlisha kwa kijiko kwa mwaka mzima. Alinishukuru, akaeleza alivyoongea na madaktari na familia za wagonjwa, kisha akasema ataunga mkono muswada, kinyume na nilichomwomba, na sababu zake ni hizi na hizi. Tarehe 29 Novemba ukapita hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 330 dhidi ya 275. Waziri Mkuu alikuwa upande mmoja, Waziri wake wa Afya upande wa pili, na wote wawili waliendelea na kazi zao kama kawaida. Vyama viliwaachia wabunge wapige kura kwa dhamiri zao.

Mbunge wangu alinikatalia, nami nilihisi nimeheshimiwa kuliko nilivyowahi kuhisi nikiwa mpiga kura. Sijawahi kulielewa vizuri hilo.

Msinielewe vibaya lakini. Kura ya dhamiri huku ni kama mvua ya kiangazi. Siku nyingine zote mbunge wa Uingereza anafuata mkumbo tu. Kila chama kina wanadhimu wake, na neno wanaloitwa kwa lugha yao lina maana ya mjeledi, nao hawaoni haya kulitumia. Kila wiki wanatoa waraka wenye orodha ya mambo yatakayopigiwa kura. Jambo likipigiwa mstari mmoja chini, tafadhali uwepo. Likipigiwa mistari mitatu, uje hata kama unaumwa, na upige kura unavyoambiwa. Kengele zinalia, wana dakika nane, na mamia ya watu wazima wanapita kwenye mlango wa kulia au wa kushoto, wengine wakiwa hawajasoma hata kichwa cha muswada. Wanajua tu wenzao wamepita wapi.

Tofauti inaanza kwa yule anayepita mlango mwingine.

Chama cha Labour kilishinda uchaguzi tarehe 4 Julai 2024. Siku 19 baadaye, wabunge wake saba walipiga kura kinyume na serikali yao kuhusu ukomo wa ruzuku kwa familia yenye watoto zaidi ya wawili. Jioni ileile wakasimamishwa kwenye kundi la wabunge wa chama kwa miezi sita. Adhabu kali hiyo. Lakini kesho yake walikuwa bungeni, wanauliza maswali, wanapiga kura, wanahudumia majimbo yao. Novemba 2025 serikali hiyohiyo iliyowaadhibu ikatangaza kuufuta ukomo ule.

Conservative nao, Septemba 2019, waliwatimua kwa mkupuo wabunge 21 waliozuia nchi kutoka Umoja wa Ulaya bila mkataba. Miongoni mwao alikuwemo aliyekuwa Waziri wa Fedha miezi miwili nyuma, na mjukuu wa Churchill. Viti vyao? Walivikalia hadi uchaguzi uliofuata. Na Jeremy Corbyn alikiasi chama chake zaidi ya mara 400 kilipokuwa madarakani, halafu mwaka 2015 wanachama wakamfanya kiongozi wa chama. Baadaye mambo yalipoharibika na chama kikamkataa, mwaka 2024 aligombea mwenyewe bila chama katika jimbo lake la Islington North, akashinda.

Sasa rudini nyumbani. Katiba yetu, ibara ya 67, inasema huwezi kugombea ubunge bila kuwa mwanachama wa chama na kupendekezwa nacho. Ibara ya 71 inamalizia kazi: ukiacha kuwa mwanachama wa chama kilichokuingiza, ubunge umekwisha. Haijali umejitoa mwenyewe au umefukuzwa. Ibara ya 100 inakulinda usishtakiwe mahakamani kwa ulichosema bungeni, na hilo ni jambo kubwa. Ila dhidi ya kikao cha chama chako hakuna ibara.

Ndiyo maana nasema si woga. Mbunge wa huku akiasi anahatarisha cheo. Wa kwetu anahatarisha kiti, na kiti hicho kimewekewa kura za watu elfu kadhaa waliopanga foleni tangu alfajiri. Hata wasipomfukuza, miaka mitano si mingi. Kura za maoni za ndani ya chama zinakuja, jina linapelekwa juu, na kukatwa hakuhitaji maelezo.

Tena sheria yenyewe inauma kwa kuchagua. Julai 2017, CUF ikiwa imegawanyika pande mbili, upande mmoja ulitangaza kuwafukuza wabunge wanane wa viti maalum, yaani viti vya wanawake vinavyogawiwa vyama. Ndani ya siku chache Spika alikuwa ameshatangaza nafasi ziko wazi na majina mapya yametoka. Novemba 2020 Chadema ikawafukuza wanawake 19 walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalum, ambao chama kilisema hakikuwateua. Mei 2022 Baraza Kuu lake likatupa rufaa zao, wao wakaenda mahakamani, na wakakaa bungeni hadi Bunge lile linamaliza muda wake. Ibara ni ileile. Wanane walitoka kwa siku, 19 wakamaliza miaka. Nikiwa mbunge na nimeyaona hayo mawili, nisingeuliza Katiba inasema nini, ningeuliza nani ananipenda.

Nilipomweleza haya ba'mdogo wangu kwa simu, alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Amekuwa balozi wa nyumba kumi, amekuwa mjumbe, kadi yake ya chama ni ya zamani kuliko mimi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, baba."

"Haya. Sisi tulimpigia nani kura, yeye au chama? Kampeni alifanyiwa na nani? Bendera, magari, fulana, ilani, vyote vya nani? Leo ameshakaa kwenye kiti, anasema ana dhamiri. Hiyo dhamiri alikuwa ameiweka wapi siku anachukua fomu? Anayetaka kucheza peke yake akakimbie riadha. Huku ni mpira."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ana hoja. Hata huku watu wengi hupigia kura chama, mgombea ni jina tu kwenye karatasi. Na bunge ambalo kila mmoja anavuta kwake halipitishi kitu. Mwaka 2019 hapa niliona kwa macho yangu: Januari mkataba wa Waziri Mkuu wa kutoka Umoja wa Ulaya ulikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202, wabunge 118 wa chama chake mwenyewe wakiwa kwa waliokataa, na nchi ikazunguka palepale mwaka mzima. Kazini kwetu wahudumu kutoka Ureno na Poland walikuwa wananiuliza mimi Mtanzania kama watafukuzwa.

Hoja nyingine ya ba'mdogo ni ya kununuliwa. Legeza ibara ya 71, anasema, uone soko litakalofunguliwa. Hapo namjibu kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Kati ya 2017 na 2018 wabunge wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Wa Kinondoni alijitoa CUF Desemba 2017, na Februari 2018 akarudi bungeni kwa jimbo lilelile akiwa CCM, baada ya uchaguzi mdogo uliolipiwa na mimi na wewe. Ibara ya 71 ilikuwepo, tena ilifuatwa kikamilifu. Haikumzuia anayetaka kuhama. Inamzuia anayetaka kubaki kwenye chama chake na kusema hapana.

Kwangu mimi mambo haya mawili ni tofauti, na tumeyafunga kwenye kamba moja. Anayevua jezi kwa hiari yake na kuvaa nyingine arudi kwa wapiga kura. Kwa hilo naona sheria yetu ni bora kuliko ya Uingereza, ambako mbunge anavuka upande wa pili wa ukumbi na kiti chake mkononi, na waliomchagua wanasoma habari hiyo kwenye simu kama watu wengine. Lakini anayefukuzwa na chama kwa sababu ya kura aliyopiga asipoteze ubunge. Chama kimnyang'anye kadi, kimnyime kamati, kisimpitishe tena. Kiti kibaki.

Pia aruhusiwe kugombea bila chama. Hili si geni. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka Mahakama Kuu akashinda mwaka 1994, na Katiba ikabadilishwa mwaka huohuo kuuzima ushindi huo. Akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani ikautengua 2010 kwa kusema hilo ni la Bunge kuamua. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha, na Juni 2013 ikasema Tanzania imekiuka haki za raia wake. Rasimu ya Katiba mpya ya Jaji Warioba nayo ilimweka mgombea huru. Mtikila alifariki 2015, na hadi leo fomu ya ubunge bado inadai chama.

Tangu 2020 ukumbi wa Dodoma umejaa chama kimoja karibu wote, na hapo ndipo suala linaponikereketa zaidi. Kambi ya upinzani ikiwepo, CCM wakisema ndiyo kwa pamoja, angalau kuna wa kusema siyo. Ikiwa haipo, hapana ya pekee tuliyobakiza ni ile ya mbunge wa CCM. Na uwezo huo upo, tumewahi kuuona. Februari 2008 kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, ilisoma taarifa ya kashfa ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond mbele ya Spika wa CCM, Samuel Sitta, na Waziri Mkuu wa CCM, Edward Lowassa, akajiuzulu. Kabla yake, 1993, Bunge la chama kimoja kabisa lilikuwa na wabunge 55 waliodai serikali ya Tanganyika hadi Mwalimu akalazimika kuingia uwanjani. (Sitta naye, mwaka 2010 chama kikaamua kwamba safari hiyo Spika awe mwanamke. Uamuzi mzuri. Wakati wake tu ndio uliotuchekesha.)

Nilimkumbusha ba'mdogo hayo ya 2008. Alikaa kimya, nikadhani salio limeisha.

"Siku ile tulizima redio usiku sana," akasema. Halafu akauliza, "Na huyo mbunge wako Mzungu aliyekukatalia, utampa tena?"

Nikamwambia nadhani nitampa.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema huku kumeniharibu, nikalale, maana yeye alikuwa anawahi kikao cha tawi.