Mpiga Piano, Usiyatibue Maji Kabla ya Mvuvi

Inakera. Mpiga piano anakaa, anakanyaga pedali ya kulia, ile inayoziacha noti ziendelee kuvuma, halafu mguu anausahau palepale mpaka ubeti wa pili unakwisha. Wimbo wenyewe ni Die Forelle, yaani samaki trauti, wa mtunzi Schubert, wa mwaka 1817, na kijito kimeshakuwa tope kabla mvuvi hajachoka kungoja.

Hivi maneno hamyasomi? Katika shairi hili la Christian Schubart (mshairi, si Schubert mtunzi), msimulizi anamtazama mvuvi na kujipa moyo: maadamu maji ni maangavu, trauti hatanaswa. Ubeti wa tatu, mvuvi uvumilivu unamwishia, anayatibua maji, samaki huyo juu. Kisa chote kinategemea maji, na maji hayo Schubert hakumpa mwimbaji, aliipa piano. Zile noti za sita-sita, sita kwa kila pigo, zinazopanda kwa mkupuo ndizo kijito. Beti mbili za mwanzo zina tuni ileile na kijito kilekile. Ukifika wa tatu noti zile zinapotea, vidole vinagonga noti kwa mafungu, muziki unaingia giza. Sasa wewe uliyemwaga tope tangu mwanzo, mshtuko huo utautoa wapi?

Fanyia mazoezi beti hizo mbili bila pedali kabisa, mpaka vidole viunganishe noti vyenyewe na dole gumba liache kubisha hodi. Hapo ndipo uongeze mguso mfupi kwenye noti ya besi, na mguu uinuke kabla noti ya sita haijafika. Ikiwa bila mguu noti zinakatikakatika, mwendo umekuzidi. Schubert aliagiza uchangamfu wa kiasi, hakuagiza mbio. Pima mwendo kwa yale maneno ya ubeti wa tatu yaliyosongamana zaidi. Mwimbaji akiyameza hayo, punguza mwendo. Na mkimshushia baritoni, mwanamume wa sauti ya kati, wimbo kutoka ufunguo wa D-flati hadi wa B-flati ulio chini yake, kijito nacho kinashuka kwenye nyuzi zenye mvumo mzito. Pedali ipunguzwe tena.

Haya, nakubali shingo upande: piano za Vienna za zama zile zilikuwa nyepesi, nyundo zake zimevikwa ngozi, sauti inakufa upesi, kwa hiyo mguu uliosahaulika haukuleta balaa kubwa. Basi kwa piano ya leo, inayovuma ukumbi mzima, si ndiyo sababu ya kukanyaga kidogo zaidi?



Ila mwisho msiuharibu. Ubeti wa nne wa Schubart, wa kuwaonya wasichana wajihadhari na wanaume wenye ndoano, Schubert aliutupa, na alifanya vyema. Badala ya mahubiri akarudisha kijito: samaki kanaswa, msimulizi damu inamchemka, noti za sita-sita hizo tena. Wengi hapo hupunguza mwendo ili tusikitike. Msipunguze. Maji hayana habari na samaki.